Bendi ya Ukumbi Mmoja: Kufuata Njia ya MC5 Kutoka Lincoln Park hadi Chicago

Watu wengi wanaijua MC5, bendi ya roki ya Detroit, Marekani, kwa santuri moja na tusi moja. Santuri ni Kick Out the Jams ya mwaka 1969, tusi ni lile linalotangulia wimbo wenye jina hilohilo, na ugomvi uliozuka baadaye umeandikwa kuliko muziki wenyewe. Njia ya kuielewa bendi hii ni kuifuata mtaa kwa mtaa, maana ilikuwa bendi ya ukumbi. Ilikomaa kwa kupiga wiki baada ya wiki ghorofani, katika ukumbi wa Grande Ballroom wa Detroit, mbele ya watu walewale, na ilipoondolewa humo sauti yake ilipungua.

Safari inaanza Jumatatu na kuishia Jumamosi. Usiipange kinyume, kwa sababu nyaraka za bendi ziko kwenye maktaba ya chuo ambayo kwa kawaida hufunguliwa siku za kazi tu.

Jumatatu: Lincoln Park

Ukitua uwanja wa ndege wa Detroit, usikimbilie katikati ya jiji. Uwanja uko Romulus, nje kabisa, na Lincoln Park, mji ilikozaliwa bendi, iko njiani: kama kilomita 20 kwa gari, unashika I-94 halafu Southfield Road. Asiye na gari ajue mapema kwamba mabasi ya vitongoji ni ya shirika la SMART na mabasi ya jijini ni ya DDOT. Ni mashirika mawili tofauti, na ratiba zake hazisubiriani. Basi la SMART namba 125 hupita Fort Street na kuunganisha upande huu na katikati ya Detroit. Fort Street yenyewe inatosha kukuonyesha mji ulivyo.

Utakachokiona ni nyumba ndogo za familia, zimepangana karibukaribu, kila moja na kipande chake cha majani mbele. Ni mji wa wafanyakazi. Kiwanda cha Ford cha Rouge kiko jirani, Dearborn, na katika miaka ya sitini mshahara wa kiwandani uliwezesha familia kumnunulia kijana gitaa la umeme kwa malipo ya kila mwezi. Bila mshahara huo kusingekuwa na bendi za vijana kila mtaa.

Bendi mbili za hapa ndizo zilizozaa MC5: Bounty Hunters ya Wayne Kramer, na Vibratones ya Fred Smith. Walipoungana mwaka 1964 walimpata Rob Tyner, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Robert Derminer, kijana mwenye umri zaidi kidogo, mpenzi wa jazi na mashairi. Alijaribiwa kwenye besi, haikumkaa, akashika maikrofoni. Ndiye pia aliyeipa bendi jina, kifupi cha Motor City Five. Mpiga besi wa kwanza alikuwa Pat Burrows na mpiga drams Bob Gaspar.

Hao wawili hawakudumu, na sababu inahusu ufundi. Kramer na Smith walikuwa wameanza kuitumia fidibaki kama sehemu ya muziki, na Gaspar hakuipenda. Fidibaki ya gitaa hutokea hivi: unafungua ampu, yaani mashine ya kukuza sauti ya gitaa, hadi juu na kusimama karibu na spika. Sauti ya spika inatikisa nyuzi, pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa) inachukua mtikisiko huo, ampu inaukuza, spika inaurudisha kwenye nyuzi. Mzunguko haukatiki mpaka ugeuke, uzime nyuzi kwa kiganja au upunguze sauti. Ukisogea hatua moja, noti inaruka kwenda nyingine, kwa kuwa umbali kati ya gitaa na spika umebadilika. Mpiga drams aliyezoea kuhesabu nyimbo za dakika 3 hana pa kushika hapo. Mwaka 1965 nafasi hizo zilichukuliwa na Michael Davis kwenye besi na Dennis Thompson kwenye drams, na watano hao ndio waliofika hadi 1972.

Kama una gari na muda, shuka kusini hadi Dix na Sibley. Pale palikuwa na Detroit Dragway, uwanja wa mbio za magari za robo maili, yaani mita 402 za kunyooka. Haupo tena. Kramer alieleza mara kadhaa kwamba mngurumo wa injini zile ulimwingia kabla ya muziki, na ukisikiliza magitaa mawili yakipanda pamoja bila mmoja kumpisha mwingine, hutabishana naye.

Jumanne: Warren, Lodge na mtaa wa 12

Katikati ya Detroit kuna tramu ya QLine inayopita Woodward kwa kilomita 5 hivi, nayo haina nauli. Shuka kituo cha Warren na utembee magharibi, ukipita katikati ya Chuo Kikuu cha Wayne State, hadi barabara kuu ya John C. Lodge. Ni mwendo wa dakika 15 hadi 20.

Kwenye kona hii ndipo lilipokuwa kundi la Artists' Workshop, lililoanzishwa tarehe 1 Novemba 1964 na John Sinclair, mpiga picha Leni Sinclair na wenzao. Walikuwa washairi, wapiga jazi na wachapaji. Leo pembeni ya kona ni viwanja vya michezo vya chuo, hivyo usitarajie kibao wala jengo. Kilichotokea hapa ni kwamba vijana wa Lincoln Park waliokulia kwenye roki ya Chuck Berry walikutana na jazi ya John Coltrane, Archie Shepp na Sun Ra. Baadaye wimbo wa mwisho wa santuri yao ya kwanza ukatumia shairi la Sun Ra, na jina lake limeandikwa kati ya watunzi. Mwaka 1967 Sinclair akawa meneja wao.

Mchana nenda Gordon Park, kwenye makutano ya Rosa Parks Boulevard na Clairmount. Zamani Rosa Parks Boulevard iliitwa mtaa wa 12, na alfajiri ya Jumapili tarehe 23 Julai 1967 polisi walivamia baa isiyo na leseni hapo, ghasia zikaanza. Zilidumu siku 5, watu 43 wakafa, zaidi ya 7,000 wakakamatwa. Kibao cha kumbukumbu kipo. Historia ya bendi haisomeki bila kona hii, kwa sababu za maisha ya kila siku kabisa: amri ya kutotoka nje usiku ikitangazwa hakuna dansi, na bila dansi hakuna kiingilio, wala mwanamuziki hana cha kulipia pango. Amri kama hiyo ilipotangazwa tena baada ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968, kundi zima likafungasha na kuhamia Ann Arbor mwezi Mei.

Ukibaki na saa moja, rudi Cass na Canfield uangalie kiwanda cha santuri cha Third Man, kilichofunguliwa 2017. Kuna vioo unavyoweza kuchungulia mashine: donge la plastiki la moto linawekwa katikati ya bamba mbili zenye mifereji, linabanwa kwa mvuke, linapozwa kwa maji, kingo zinakatwa.

Jumatano: Grande Ballroom

Siku hii ipe nafasi kubwa. Basi la DDOT namba 3 hupita Grand River Avenue kutoka katikati ya jiji. Ukumbi uko namba 8952, kona ya Beverly, kama kilomita 7. Nenda mchana.

Jengo limefungwa tangu 1972. Ni mali ya kanisa la Chapel Hill Missionary Baptist, na mwaka 2018 liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Hadhi hiyo haizibi paa. Maji yameingia kwa miongo mingi, na sakafu ya ghorofani, ile ya dansi, ndiyo iliyoumia zaidi. Watu hujipenyeza kupiga picha, msiwafuate. Mbao iliyooza huonekana nzima mpaka uikanyage, na chini yako kuna ghorofa nzima ya kuanguka. Simama ng'ambo ya barabara, hapo unaliona jengo lote.

Anza kulisoma kutoka chini. Ghorofa ya chini ilikuwa ya maduka yanayotazama barabara. Juu yake ndipo ulipo ukumbi. Msanifu alikuwa Charles N. Agree, mwaka 1928, kwa mapambo ya mtindo wa Wamoor, Waislamu wa zamani wa Afrika Kaskazini na Hispania, na ndani kuna matao yanayozunguka sakafu, na nyuma ya matao njia ya kupita wasiocheza. Sakafu ya mbao ngumu ilijengwa juu ya springi ili miguu isichoke kwa dansi la usiku kucha. Uwezo wake ni watu 1,500 hivi. Dansi la bendi kubwa lilipokufa, ukumbi ukawa wa viatu vya magurudumu, kisha ghala la magodoro.

Mwaka 1966 Russ Gibb, mwalimu na mtangazaji wa redio, alitembelea San Francisco, akaona ukumbi wa Fillmore wa Bill Graham ulivyoendeshwa, akarudi na kukodi Grande. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1966, na MC5 ilikuwa jukwaani usiku huo. Mabango na taa zilikuwa kazi ya Gary Grimshaw, rafiki wa Tyner tangu Lincoln Park. Kuanzia hapo MC5 ikawa bendi ya nyumbani. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua maana yake: wageni wanakuja na kuondoka, wenyeji wanapiga kila mwisho wa juma, na mgeni akiteleza kidogo, wenyeji wanamfunika. Cream, bendi ya Uingereza, walipokuja Oktoba 1967 MC5 ndiyo iliyowatangulia. Wageni kutoka Uingereza na California walikuta watu wameshachemshwa.

Sasa ufundi, kwa kuwa ndio unaoeleza santuri. Miaka ile, katika kumbi za ukubwa huu, mfumo wa spika za ukumbi ulikuwa wa kubeba sauti ya mwimbaji tu. Magitaa na besi havikuwekewa maikrofoni. Kilichosikika nyuma ya ukumbi ni kile ampu zenyewe zilichotoa. Kwa hiyo bendi iliyotaka nguvu ilinunua ampu kubwa. MC5 ilianza na Vox Super Beatle, ampu za transista, na kufikia 1968 ilikuwa na Marshall za wati 100, za valvu, yaani mirija ya kioo inayopata joto ndipo ikuze sauti. Kila Marshall kamili ina makabati mawili, kila kabati spika 4 za inchi 12. Magitaa mawili yakipigwa hivyo ni spika 16 za magitaa peke yake, bila kuhesabu besi.

Matatizo yanafuatana. La kwanza, mwimbaji hajisikii, maana spika za kumrudishia sauti jukwaani hazikuwa jambo la kawaida. Akijikaza koo ili ajisikie, anapanda juu ya noti. La pili, mpiga drams anapiga kwa nguvu zote na bado yuko chini. Thompson alijulikana kwa kupiga kama mtu anayevunja kitu, na hilo lilitokana na haja kabla ya kuwa mtindo. La tatu ni tyuni. Vifaa vidogo vya umeme vya kutyuni havikuwapo. Unatyuni kwa sikio, katikati ya kelele, chini ya taa zinazopasha nyuzi joto. Nyuzi ikipata joto hulegea na noti hushuka. Ukiivuta sana wakati wa solo, inashuka tena.

Yote matatu yanasikika kwenye Kick Out the Jams, iliyorekodiwa humu usiku wa Jumatano tarehe 30 na Alhamisi tarehe 31 Oktoba 1968. Kampuni ya Elektra, chini ya Jac Holzman, ilimtuma fundi Bruce Botnick na mashine ya kanda ya njia 8. Njia 8 kwa magitaa mawili, besi, drams nzima, waimbaji na watu ukumbini ni chache: maikrofoni za drams hunasa magitaa, ya mwimbaji hunasa drams, na kosa la chombo kimoja huwezi kulifuta bila kugusa vingine. Wanabendi wenyewe walisema baadaye hawakuridhika, na walitamani kurudia. Kwa maoni yetu, kampuni haikukosea kuitoa ilivyo. Ile mwimbaji kuzama na kuibuka, magitaa kuachana kidogo kwenye tyuni, watu kujibu kabla hawajaulizwa, ndiyo Grande yenyewe. Santuri ilifika nafasi ya 30 kwenye chati ya Billboard, na hakuna santuri yao nyingine iliyofika hapo.

Ushahidi wa pili ni Back in the USA ya 1970. Ilirekodiwa studioni East Detroit, mji unaoitwa Eastpointe tangu 1992, ikisimamiwa na Jon Landau, mwandishi wa muziki aliyekuwa hajawahi kutengeneza santuri. Alitaka nidhamu: nyimbo fupi, tyuni safi, kila chombo mahali pake. Nidhamu ikapatikana, lakini besi imeachwa nyembamba mno, kana kwamba mtu ameziba spika za chini kwa kitambaa, na santuri nzima inakwisha kwa dakika 28 hivi. Nyimbo ni nzuri, tena vijana waliojifunza gitaa baadaye walizipenda sana. Ila chumba hakipo. High Time ya 1971 ilisawazisha mambo mawili hayo vizuri kuliko zote, ikatoka wakati wanunuzi wameshaondoka.

Na usiku wa mwisho ulikuwa humuhumu, tarehe 31 Desemba 1972. Watano walirudi pamoja kuaga, wakakuta watu wachache kwenye sakafu ya watu 1,500. Kramer aliweka gitaa chini na kushuka jukwaani baada ya nyimbo chache.

Ukimaliza, panda basi lilelile namba 3 kurudi mjini na uende hadi Grand River inapokutana na Woodward. Mbele yako ni kiwanja kilichokuwa cha duka la Hudson's, lililobomolewa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998. Sasa pamesimama jengo refu jipya lenye jina hilohilo. Mwaka 1969 duka hili lilikataa kuuza santuri kwa sababu ya lile tusi. Bendi ikajibu kwa tangazo la gazeti lenye tusi hilohilo dhidi ya duka, na nembo ya Elektra chini yake. Hudson's wakaondoa santuri zote za Elektra rafuni, za wasanii wote, na Elektra ikaiacha bendi. Barabara moja, ncha moja ukumbi, ncha nyingine duka. Ugomvi ule ulikuwa wa nyumbani kabisa kabla haujawa habari ya taifa.

Alhamisi: Ann Arbor, maktaba

Ann Arbor iko kilomita 70 magharibi. Kuna basi la moja kwa moja, D2A2, na kuna treni ya Amtrak. Shika la asubuhi.

Maktaba ya Bentley iko kwenye kampasi ya kaskazini ya Chuo Kikuu cha Michigan, na ndiyo inayotunza nyaraka za John na Leni Sinclair: barua, mabango, magazeti, picha, kanda za sauti. Iko wazi kwa yeyote, si kwa wanachuo tu, lakini usifike mikono mitupu. Kabla ya safari, soma orodha ya nyaraka mtandaoni, andika namba za masanduku unayoyataka, jiandikishe, uyaagize. Kanda za sauti ziulizie mapema zaidi, kwa kuwa msikilizaji hupewa nakala na si kanda yenyewe, na nakala huenda haijatengenezwa.

Ndani, mabegi na makoti hubaki kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Fungua jalada moja kwa wakati mmoja na usibadili mpangilio wa karatasi hata ukiona umekosewa, mwambie mhudumu. Picha bila mwanga wa flashi kwa kawaida zinakubaliwa kwa kujisomea, lakini kuzichapisha ni jambo jingine: haki za picha ni za aliyezipiga.

Kosa la kawaida la watafiti wapya ni kuamini tarehe ya bango. Bango ni mpango. Bendi huugua, ukumbi hufungwa, mgeni hukwama njiani. Linganisha bango na gazeti la wiki iliyofuata: Fifth Estate la Detroit, lililoanza 1965, au Ann Arbor Argus la 1969. Kumbukumbu za wanabendi zije za tatu, maana watu waliopiga mamia ya usiku huunganisha wawili kuwa mmoja. Asiyeweza kusafiri aanze na maktaba ya umma ya Ann Arbor, ambayo imeweka mtandaoni magazeti na picha nyingi za kipindi hicho bila malipo.

Ijumaa: Hill Street na treni

Nyumba za bendi na kundi la Sinclair zilikuwa namba 1510 na 1520 Hill Street, mbili kubwa zinazopakana. Leo ni makazi ya ushirika ya wanafunzi. Zitazame kutoka barabarani na uende zako. Watu wanaishi humo.

Hapa ndipo tarehe 1 Novemba 1968, siku moja tu baada ya kurekodi Grande, ilipotangazwa White Panther Party, chama cha siasa cha kundi hilo, na bendi ikajikuta ina siasa kwenye kila bango. Hapa pia ndipo serikali ilipokuwa ikitega masikio. Kesi ya usikilizaji wa simu iliyoanzia kwa wanachama wa chama hiki, baada ya ofisi ya CIA mjini Ann Arbor kulipuliwa Septemba 1968, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 1972 mahakama ikaamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba serikali haiwezi kusikiliza simu za raia kwa hoja ya usalama wa ndani bila kibali cha jaji.

Wiki moja kabla ya mlipuko huo kulitokea jambo lingine. Danny Fields wa Elektra alikuja kutoka New York, Jumamosi tarehe 21 Septemba akaiona MC5 Grande, Jumapili akawaona Stooges, bendi nyingine ya roki, kwenye ukumbi wa wanafunzi hapa Ann Arbor, na Jumatatu akampigia simu bosi wake Holzman. MC5 wakapewa mkataba wa dola 20,000, Stooges wa dola 5,000. Bendi mbili kwa simu moja.

Pita West Park, walikopiga bure kiangazi cha 1968, na Crisler Center, zamani Crisler Arena, ambako tarehe 10 Desemba 1971 watu 15,000 walikusanyika kudai Sinclair atoke gerezani, alikofungwa miaka 9 na nusu hadi 10 kwa misokoto miwili ya bangi. John Lennon na Stevie Wonder walikuwa jukwaani. Siku 3 baadaye akaachiwa. MC5 haikuwamo kwenye orodha. Walikuwa wameshaachana na meneja wao.

Treni ya Wolverine kwenda Chicago huchukua saa 4 na nusu hivi, na mara nyingi zaidi, kwa sababu sehemu ya reli inatumiwa pia na treni za mizigo. Chicago iko nyuma kwa saa 1. Anayesahau hilo wakati wa kurudi hukosa muunganisho.

Jumamosi: Lincoln Park nyingine

Kutoka Union Station, basi la CTA namba 151 linafika hadi bustani ya Lincoln Park ya Chicago. Jina ni moja na la mji wa Jumatatu, uhusiano hakuna.

Jumapili tarehe 25 Agosti 1968, mkesha wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Yippies, kundi la vijana wapinga vita, waliitisha hapa tamasha la bure. Jiji lilinyima kibali, wanamuziki wengi wakajitoa, na MC5 ikawa bendi ya roki pekee iliyopiga. Hakukuwa na jukwaa. Walipiga juu ya majani, watu wamewazunguka. Umeme ulivutwa kutoka kwenye kibanda cha soseji.

Hesabu ya umeme wa namna hiyo ifanye mwenyewe. Soketi ya Marekani ni volti 120, na saketi ya kawaida ya ampea 15 hutoa wati 1,800 tu. Ampu ya valvu ya wati 100 ikifunguliwa yote hunyonya wati 300 hadi 400. Ampu tatu ni wati elfu moja na ushee, weka spika za mwimbaji, kisha jiko la kupashia soseji, fyuzi iko ukingoni. Tatizo kubwa zaidi ni waya. Ampea 12 kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 50 hupoteza volti 14 hivi njiani. Ampu hulishwa volti 106, valvu hazipati joto lake, sauti inalegea na kukwaruza kabla ya wakati. Bendi ya nje yenye umeme wa kuazima hubeba waya mnene, haikunji waya uliobaki kwenye roli, na kabla ya wimbo wa kwanza mwenye kibanda anaombwa azime jiko.

Polisi walikuwa wameshaizunguka bustani wakati bendi inapiga. Wimbo wa mwisho ulipoisha walipakia vyombo na kuondoka mara moja kurudi Michigan. Sehemu ya filamu ya siku ile iliyobaki ilipigwa na serikali kwa ajili ya upelelezi. Usiku ule polisi waliisafisha bustani kwa marungu na mabomu ya machozi.

Jioni ni ya maduka ya santuri, na Chicago inayo mengi. Chapa ya kwanza ya Kick Out the Jams ina namba EKS-74042, jalada la kufunguka, na ndani maandishi marefu ya John Sinclair. Chapa zilizofuata ziliondoa maandishi hayo na kubadilisha tusi kwa maneno "brothers and sisters", kwa hiyo usinunue kwa kuangalia jalada peke yake: majalada na santuri hubadilishana wenyewe katika miaka zaidi ya 50. Omba iwekwe upande wa kwanza, wimbo wa pili, usikilize maneno ya kwanza. Kisha itazame chini ya taa kali, kwa ubavu. Mikwaruzo mirefu ya juujuu mara nyingi haisikiki. Iliyokata mifereji kwa kukingama utaihisi kwa ukucha, na hiyo sindano itairuka. Back in the USA ni Atlantic SD 8247, High Time ni SD 8285, na hiyo ya mwisho kwa nakala ya zamani iliyo safi usiiache hata kama hukuikusudia.